Kiapo cha madaktari kinataja miungu wanne. Ni akina nani?

Kiapo cha Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kimerekebishwa mara nyingi, na daktari anayehitimu leo huapa kwa maneno ya kuheshimu utu wa mgonjwa na kutunza siri zake. Nakala ya kale, iliyoandikwa kwa Kigiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, haianzi na mgonjwa. Inaanza hivi: "Naapa kwa Apollo mganga, na kwa Asclepius, na kwa Hygieia, na kwa Panacea, na kwa miungu wote wa kiume na wa kike, nikiwafanya mashahidi wangu." Majina manne yametangulia kabla tabibu hajasema lolote kuhusu kazi yake.

Ukiyakuta majina hayo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mwapaji anaita wazee wote wa ukoo ili asije akamwacha mmoja akakasirika. Ukianza kuchimba, mambo yanazidi kukoroga. Apollo anaitwa mganga, ilhali katika utenzi maarufu kuliko wote wa Kigiriki ndiye anayeleta tauni. Asclepius ni mungu, ilhali utenzi huohuo unamtaja kama tabibu tu, binadamu mwenye watoto wa kiume vitani. Ukivuka kwenda Roma unamkuta Apollo tena, unamkuta Aesculapius, yaani Asclepius kwa Kilatini, kuna Salus, kuna Minerva wa tiba, na kuna mungu wa kike ambaye jina lake ni Homa. Hata hivyo, mpangilio wa majina katika kiapo una mantiki yake, na ukiufuata jina kwa jina sehemu kubwa ya fundo hili inafunguka.

Tuanze na Apollo, maana ndiye anayewachanganya watu zaidi. Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, unafunguka kwa ugonjwa. Chryses, kuhani wa Apollo, anakwenda kambini kwa Wagiriki na fidia kubwa kumkomboa binti yake aliyetekwa. Mfalme Agamemnon anamfukuza kwa maneno makali. Mzee anaondoka kimya akifuata ufukwe, bahari ikivuma, kisha anamwomba mungu wake amlipizie. Apollo anashuka mlimani na upinde, mishale ikigongana begani kwa hasira yake, anaketi mbali kidogo na merikebu na kuanza kufyatua. Wa kwanza kufa ni nyumbu wa mizigo na mbwa. Wanafuata watu. Kwa siku tisa mishale haikomi, na mioto ya kuchomea maiti inawaka usiku na mchana.

Mwisho binti anarudishwa kwao, ng'ombe wanachinjwa, vijana wanamwimbia Apollo hadi jua linazama, na kuhani yuleyule aliyeomba ugonjwa uje ndiye anayeomba uondoke. Hapo uganga wa Apollo unaeleweka. Hatoi dawa wala hafungi jeraha. Anaponya kwa kuweka upinde chini.

Wagiriki walikuwa na neno moja, pharmakon, lililobeba dawa na sumu kwa pamoja, na wafasiri wa Ulaya wamehangaika nalo miaka mingi. Mswahili hana haja ya kuhangaika. Tunasema dawa ya kikohozi na dawa ya panya, na hakuna anayeuliza inakuwaje. Neno mganga nalo tunampa anayepiga ramli, na tunampa Mganga Mkuu wa Serikali aliyesomea udaktari chuo kikuu. Ndivyo lilivyokuwa neno iatros, ambalo kiapo kinampa Apollo: lilikuwa neno lilelile la kumwita tabibu wa mjini mwenye visu na bandeji zake. Kwa hiyo Apollo yuko mwanzoni mwa kiapo kwa sababu maradhi yenyewe yako mkononi mwake. Aliyefunga ndiye anayeombwa afungue.

Asclepius ni mtu wa namna nyingine kabisa, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa sioni mungu mwingine wa Wagiriki aliyepita njia kama yake.

Katika Iliad yeye si mungu. Homer anamwita tabibu asiye na lawama, baba wa Machaon na Podalirius, matabibu wawili waliokwenda Troy na merikebu 30. Mfalme Menelaus anapopigwa mshale, anaitwa Machaon. Anauchomoa mshale, anafungua mkanda, analitazama jeraha, analifyonza damu, kisha analipaka dawa ambazo baba yake alipewa na Chiron. Ni kazi ya mikono, hatua kwa hatua, kama ya mtu aliyefundishwa na mzazi.

Kisa cha kuzaliwa kwake kimesimuliwa na Pindar, mshairi wa karne ya 5 KK, katika wimbo alioutunga kwa ajili ya Hieron, mtawala wa Syracuse aliyekuwa akiugua. Coronis alikuwa na mimba ya Apollo, akalala na mwanamume mwingine. Apollo alipojua, dada yake Artemis akamuua Coronis kwa mishale. Mwili ukiwa tayari juu ya kuni, moto umeshika, Apollo akashindwa kuvumilia mwanawe afie mle. Akaingia, ndimi za moto zikampisha, akamtoa mtoto tumboni. Mungu wa tiba, basi, alitolewa katika maiti ya mama yake, na aliyemwokoa ndiye aliyeagiza mauti hayo.

Mtoto akapelekwa kulelewa na Chiron, kiumbe nusu mtu nusu farasi aliyeishi mlimani Pelion na kuzijua mitishamba. Pindar anataja alichojifunza: wengine aliwaponya kwa maneno ya uganga yenye kutuliza, wengine kwa dawa ya kunywa, wengine kwa dawa ya kufunga viungoni, wengine aliwainua kwa kisu. Chiron mwenyewe baadaye alichomwa na mshale wenye sumu wa shujaa Heracles, na kwa ujuzi wake wote hakuweza kujiponya hata akatamani kufa. Mganga hajigangi, kama tusemavyo.

Halafu Asclepius akavuka mpaka. Alimfufua mtu aliyekwisha kufa. Pindar anasema alishawishiwa na dhahabu. Wengine wanasema Hades, bwana wa kuzimu, alilalamika kwamba watu wake wanapungua. Wengine tena wanasema Zeus, mkuu wa miungu, aliogopa binadamu wakijifunza ujuzi ule hawatahitaji tena msaada wa miungu. Sababu zinatofautiana, mwisho ni mmoja. Zeus akampiga kwa radi, akafa. Mimi sababu ile ya tatu ndiyo inayoniingia zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotambua kwamba tiba ni ujuzi, na ujuzi hufundishika, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Apollo uwezo wake hawezi kumrithisha mtu. Wa Asclepius unarithishwa, na ndiyo maana matabibu wa kisiwa cha Kos, nyumbani kwa Hippocrates, walijiita wana wa Asclepius.

Baada ya kifo hicho watu walikuja kumwabudu kama mungu. Ibada yake ilikuja kushamiri kuanzia karne ya 5 KK, na kitovu chake kikawa Epidaurus, kusini mwa Ugiriki. Baadaye mahekalu yake yalienea kwa mamia kuzunguka Bahari ya Mediterania. Athens ilimpokea mwaka 420 KK, miaka michache baada ya tauni iliyomuua kiongozi wao Pericles. Inasimuliwa kwamba mtunzi wa tamthilia Sophocles ndiye aliyempokea mungu huyo nyumbani kwake hadi mahali pa ibada palipokuwa tayari.

Mgonjwa aliyefika Epidaurus alioga kwanza na kutoa sadaka. Usiku ulipoingia alilala katika jengo maalumu lililoitwa abaton, maana yake mahali pasipokanyagwa na asiyeruhusiwa. Kazi yake ilikuwa kulala tu na kusubiri ndoto. Mungu alitarajiwa kuja usingizini, akamgusa, akampasua, akampaka dawa, au akamwambia afanye nini asubuhi. Nyoka wasio na sumu walitambaa kwa uhuru katika eneo lile, na mbwa pia walikuwepo. Aristophanes, mchekeshaji wa Athens, ana tamthilia ya mwaka 388 KK yenye mtumishi anayesimulia usiku kama huo hekaluni: taa zinazimwa, watu wanaambiwa wasijibu wakisikia sauti yoyote, na yeye akichungulia anamwona kuhani akikusanya maandazi na tini za sadaka na kuzitia mfukoni. Kisha mungu anapita na binti zake kitanda kwa kitanda. Watazamaji walicheka, na kesho yake wengi wao wangekwenda hekaluni hapohapo na mtoto mgonjwa mgongoni.

Kilichotufikia cha thamani zaidi kutoka Epidaurus ni mawe. Katika karne ya 4 KK hekalu lilichonga juu ya mabamba habari za watu walioponywa, na visa vipatavyo 70 vinasomeka hadi sasa. Kimoja kinamhusu Ambrosia wa Athens, aliyekuwa chongo. Alizunguka hekaluni akivicheka visa vya vilema na vipofu walioponywa kwa ndoto tu. Akalala. Mungu akamjia, akasema atamponya, ila atamtaka atoe nguruwe wa fedha awe ukumbusho wa ujinga wake. Akalipasua jicho, akatia dawa, na kulipokucha alikuwa anaona.

Kingine ni kifupi, nami nikikisoma hukirudia. Mtoto Euphanes wa Epidaurus alikuwa na jiwe, yale maradhi ya kibofu yanayomfanya mtu alie akienda haja ndogo. Akalala abaton. Mungu akasimama kando yake akamuuliza, "Utanipa nini nikikuponya?" Mtoto akajibu, "Vifupa kumi." Ni vile vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo ambavyo watoto wa Kigiriki walirusha na kudaka kwa mchezo unaofanana sana na mdako. Hiyo ndiyo mali yote aliyokuwa nayo. Mungu akacheka, akasema atayaondoa maumivu. Kulipokucha mtoto akatoka mzima.

Ni kweli mawe yale yalichongwa na hekalu lenyewe, na hakuna aliyechonga bamba kwa ajili ya waliorudi nyumbani kama walivyokuja. Palikuwa na sheria pia kwamba hakuna mtu kuzaliwa wala kufa ndani ya eneo takatifu. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu na mgonjwa wa kukata roho walibaki nje bila paa, hadi seneta wa Kirumi aitwaye Antoninus alipowajengea nyumba katika karne ya 2 BK. Sheria hiyo inanichoma kila ninapoifikiria. Lakini mtu aliyechonga jiwe lile la Euphanes alitaka wagonjwa wanaofika, wenye hofu na wasio na kitu, wajue kwamba mungu huyu atasimama kando ya kitanda, atauliza, na atapokea vifupa. Apollo hakuwahi kusimuliwa hivyo. Asclepius aliwahi kuwa mtu na aliwahi kufa, na naona ndiyo sababu watu walidhani anaijua hofu yao.

Mwanafalsafa Socrates naye, mwaka 399 KK, akiwa amekwisha kunywa sumu aliyohukumiwa, alimwambia rafiki yake maneno ya mwisho yaliyowashangaza wasomi hadi leo: "Crito, tunadaiwa jogoo na Asclepius. Mlipeni, msisahau." Jogoo ilikuwa sadaka ya kawaida ya aliyepona.

Majina mawili yaliyobaki ni ya binti zake. Familia ilikuwa kubwa: mke wake Epione, maana yake mwenye kutuliza maumivu, binti Iaso, Aceso na Aegle, na mtoto mdogo aliyevaa kofia ya joho, Telesphorus, aliyeheshimiwa sana Pergamon, katika Uturuki ya leo, kama mwenye kumfikisha mgonjwa kwenye kupona kamili. Wengi wao hawana visa. Ni hatua za uponyaji zilizopewa sura na jina. Kiapo kinachagua wawili. Hygieia ni afya yenyewe, ile ya mtu asiyeumwa, na jina lake limebaki katika lugha nyingi kama neno la usafi wa kiafya. Panacea ni ponya-yote, dawa inayotafutwa mtu akishaugua. Mabango ya zahanati zetu husema kinga ni bora kuliko tiba. Angalia nani katajwa kwanza katika kiapo.

Basi kiapo kinashuka ngazi kwa ngazi: mwenye maradhi mkononi, mwenye ujuzi wa kuyatibu, afya inayolindwa, dawa inayotolewa.

Hygieia huchongwa akimnywesha nyoka kutoka bakuli, na bakuli hilo na nyoka wake ni alama ya maduka ya dawa katika nchi nyingi za Ulaya. Kuhusu nyoka, naomba nifungue fundo jingine dogo. Asclepius ana fimbo ya kawaida, ya mtu anayetembea kwa miguu kwenda kwa wagonjwa, na nyoka mmoja. Nyoka hujivua gamba akatoka kama mpya, na ndani yake mna sumu. Ni pharmakon lenye uhai. Fimbo hiyo ndiyo iliyo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1948, unayoiona kwenye mabango ya chanjo. Ile nyingine yenye nyoka wawili na mbawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu, mlinzi wa wafanyabiashara na wezi, msindikizaji wa wafu kuzimu. Ilizoeleka katika tiba hasa baada ya kikosi cha matabibu wa jeshi la Marekani kuichukua mwaka 1902. Ukikuta zahanati ina nyoka wawili ukutani, kosa limetoka huko.

Je, hekalu lilikuwa mshindani wa tabibu? Watu hupenda kusimulia hivyo, kwamba Hippocrates aliiondoa dini katika tiba. Ni kweli mojawapo ya maandishi yanayohesabiwa kuwa ya shule yake linasema wazi kwamba kifafa si kitakatifu kuliko maradhi mengine na kina chanzo chake cha kimwili. Lakini matabibu wa umma wa Athens walikuwa na desturi ya kutoa sadaka kwa Asclepius na Hygieia mara mbili kwa mwaka. Galen, tabibu mkubwa kuliko wote wa enzi ya Warumi, mzaliwa wa Pergamon, alisomea tiba kwa sababu baba yake aliota ndoto iliyomwelekeza huko. Tabibu alijua ugonjwa gani hauwezi, na hapo mgonjwa akaenda hekaluni bila mtu kuona ajabu.

Roma ndiko fundo linakokazwa na wanaosema Warumi walibadilisha majina tu. Haikuwa hivyo. Apollo waliingiza na jina lake. Walimwahidi hekalu wakati wa tauni mwaka 433 KK na kulizindua miaka miwili baadaye, wakimwita Apollo Medicus. Salus, ambaye baadaye alifananishwa na Hygieia, mwanzoni alikuwa ustawi wa dola nzima, na hekalu lake kilimani Quirinal lilizinduliwa mwaka 302 KK. Usalama wa nchi na afya ya mwili kwao vilikuwa neno moja. Minerva, mungu wa kike wa hekima, naye kama Minerva wa tiba alikuwa na mahali pake kilimani Esquiline.

Na kulikuwa na Febris, Homa. Roma ilizungukwa na mabonde ya maji yaliyotuama, na malaria iliua kila majira ya joto. Febris alikuwa na hekalu kilimani Palatine na mawili mengine mjini. Humo watu walipeleka tiba zilizokuwa zimewekwa juu ya miili ya wagonjwa. Hawakumwomba kwa kumpenda. Walimwomba awe mpole, apite. Anayelala chini ya chandarua masika hii anaweza kuwaelewa bila maelezo marefu.

Asclepius alifika Roma kwa merikebu. Tauni ilipozuka mwaka 293 KK, vitabu vyao vya unabii viliagiza aletwe kutoka Epidaurus. Wajumbe wakaenda, na nyoka wa hekalu, wanasimulia, akatambaa mwenyewe hadi chomboni. Mwaka 291 KK chombo kilipopanda mto Tiber, nyoka akashuka kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto. Hapo wakamjengea. Baadaye ukingo wa kisiwa ulichongwa kwa mawe mfano wa ubavu wa merikebu, na kipande chake kingalipo, fimbo na nyoka vikiwa vimechorwa juu ya mkondo wa maji. Tangu karne ya 16 pana hospitali kisiwani, na inafanya kazi hadi leo.

Kisiwa hicho kilikuja kuwa mahali pa ukatili. Mabwana wa Kirumi waliochoka kugharimia tiba ya watumwa wao wagonjwa waliwapeleka pale wakawaacha, Aesculapius awashughulikie. Mfalme Claudius, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54 BK, akatoa amri: mtumwa aliyeachwa kisiwani ni huru, na akipona harudi tena kwa bwana wake, na bwana atakayeamua kumuua badala ya kumwacha atashtakiwa kwa mauaji. Daraja la Fabricius, linalounganisha kisiwa na upande wa mjini, lilikuwa limejengwa mwaka 62 KK na bado watu hulivuka kwa miguu. Mtumwa aliyepona alirudi mjini kwa kulivuka, akiwa mtu huru.